Ringi ya feni ya kuinua: nimepunguza gramu 38, feni imepoteza zaidi ya nusu kilo. Nimekosea wapi?

FuruWaZiwa:

Wakuu, habari za muda huu. Nina jambo limenikwamisha wiki ya tatu sasa, na hapa Mwanza sijapata wa kumuuliza.

Natengeneza chombo kidogo cha kuruka cha kuchukulia sampuli za maji ziwani. Katikati kina feni moja kubwa ya kuinua, kipenyo sentimita 30, imezungushiwa ringi. Pembeni kina rota nne ndogo za kukielekeza tu. Nimechagua feni ya ndani ya ringi kwa sababu chombo kitapaa kutoka kwenye mtumbwi wenye watu wawili, na sitaki mapanga yaliyo wazi yazunguke karibu na uso wa mtu.

Ringi niliitengeneza mwenyewe kwa faibaglasi na epoksi juu ya kalibu ya mbao. Unene ni milimita 1.5, kimo sentimita 4, na juu ilikuwa na mdomo uliokunjwa kwa nje kama ukingo wa sufuria. Kitovu kimeshikwa na mikono minne ya bomba la kaboni, imekaa msalaba. Feni ina mapanga manne, na kati ya ncha ya panga na ringi kuna nafasi ya milimita 1. Jedwali la muuzaji linasema msukumo wa kilo 4 kwa mizunguko 6,000 kwa dakika. Kwenye mizani yangu nilipata kilo 3.1.

Nikaona chombo ni kizito, nikaukata ule mdomo wa juu kwa msumeno. Niliuchukulia kama urembo. Gramu 38 zikatoka. Nikapima tena kwa mizunguko ileile: kilo 2.5. Sikuamini, nikarudia mara nne.

Halafu mapanga yakaanza kukwangua ringi. Nilipaka rangi ya kucha ya dada yangu ndani ya ringi yote, nikaiacha ikauke, nikawasha. Imekwanguliwa sehemu mbili zinazotazamana, kila moja urefu wa vidole vitatu hivi, na zote ziko katikati ya mkono na mkono. Inakwangua zaidi nikishakaza bolti ya nne ya kufungia ringi kwenye fremu. Nikiilegeza hiyo bolti, kelele inapungua.

Kuna mtu amenishauri niongeze matabaka mawili ya faiba. Lakini hapo nitarudi kwenye uzito uleule nilioukimbia. Naomba mwongozo kwa yeyote aliyewahi kushika kazi za namna hii.

Hesabu_Kwanza:

Furu, pole na kazi. Niko Nairobi, nasoma mitambo ya ndege. Kabla hujailaumu feni yako, tuondoe kwanza yasiyo makosa yake.

Jedwali la muuzaji kwa kawaida limepimwa kwa hewa ya usawa wa bahari, nyuzi 15, yenye uzito wa kilo 1.225 kwa mita ya ujazo. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu. Mchana wa nyuzi 27 hewa yenu inashuka hadi kama kilo 1.03. Kwa mizunguko ileile, msukumo unafuata uzito wa hewa, kwa hiyo zile kilo 4 kwako ni kama 3.35. Hiyo ndiyo feni yako hapo Mwanza hata ingetengenezwa na malaika. Sisi hapa Nairobi tuko juu zaidi yenu, hewa yetu ni nyepesi kuliko hiyo.

Swali langu: ulipopima, feni ilikuwa inapuliza upande gani, na kutoka sakafuni kulikuwa na nafasi gani?

FuruWaZiwa:

Dada asante, hilo la hewa sikulifikiria kabisa. Ilikuwa inapuliza chini, juu ya kigoda, kama sentimita 25 kutoka sakafuni. Mizani ilikuwa chini ya kigoda.

Hesabu_Kwanza:

Basi hapo upepo unagonga sakafu na kurudi, vipimo vinayumba. Igeuze ipulize juu. Msukumo utaikandamiza mizani, nawe utasoma ongezeko la uzito. Iweke kwenye stendi nyembamba ya mita moja hivi ili nayo isikose hewa ya kuvuta kwa chini. Na usisimame usawa wa mapanga. Simama upande wa juu au wa chini wa mstari wao, nyuma ya ubao mnene, kwa sababu panga likikatika linaruka kwa pembeni.

BabaFaiba:

Mwanangu Furu, mimi niko Tanga, nimestaafu. Kwa miaka 14 kazi yangu ilikuwa kutengeneza kava za injini za ndege huko Ghuba: faiba, kaboni, na vile vijumba kama sega la nyuki vinavyokaa katikati ya matabaka. Nimesoma maelezo yako mara mbili na nimefurahi, kwa sababu umepima na umepaka rangi. Wengi wangekuja hapa na malalamiko matupu.

Nianze na mdomo, maana hapo ndipo uliponiumiza roho. Ulichokikata ni bawa. Hewa inapoingia kwenye feni inauzunguka ule mdomo mviringo kwa kasi, na kanieneo juu yake inashuka, sawasawa na mgongo wa bawa la ndege. Kwa hesabu ya feni bora ndani ya ringi yenye mdomo mzuri, chombo kikiwa kimesimama palepale angani, mapanga yanabeba nusu ya mzigo na ringi inabeba nusu nyingine. Nusu, mwanangu. Wewe umeifanya ringi iwe ua la kuzuia vidole, kumbe ni kiungo kinachoinua. Ukikata kwa msumeno, hewa inafika kwenye ukingo mkali, inashindwa kupinda, inajitenga na ukuta, na mapanga karibu na ncha yanakula hewa iliyovurugika. Ndiyo ile 0.6 uliyoipoteza. Rudisha mdomo, na uwe mnono: mimi sishuki chini ya asilimia 6 ya kipenyo cha feni kwa nusu-kipenyo cha mkunjo. Kwako ni milimita 18.

Na kama ringi inabeba, basi ni fremu. Hapa watu wengi wanapotea. Wanaanza na swali la "niifanye nyembamba kiasi gani", wakati swali la kwanza ni mzigo unapita wapi mpaka kufika kwenye mwili wa chombo. Nusu moja inatoka kwenye mapanga, inaingia kwenye beringi, kitovu, mikono, halafu ringi. Nusu nyingine inazaliwa kwenye ringi yenyewe. Zote mbili zinatokea kwenye bolti zako nne.

Sasa rangi ya kucha. Kama beringi ingekuwa imelegea au kitovu kimehama, ungekwanguliwa upande mmoja. Wewe umekwanguliwa pande mbili zinazotazamana, kwa hiyo ringi imekuwa yai. Na imekuwa yai kwa mshazari, katikati ya mikono, kwa sababu mikono minne ya msalaba haiizuii huko. Chora duara kwenye karatasi, lipondee kwa mshazari, utaona zile sehemu nne mikono ilipofungwa haziingii ndani wala kutoka nje. Mikono haivutwi wala haisukumwi, imekaa tu inapinda kidogo. Ukiweka mikono mitatu, ringi haina pa kukimbilia: upande wowote itakaopondeka, angalau mkono mmoja utavutwa au kusukumwa. Mitatu inashika yai vizuri kuliko minne, na umeokoa uzito wa mkono mmoja.

Kilichoiponda ni bolti ya nne. Chungu kinatulia juu ya mafiga matatu hata ardhi ikiwa mbovu. Ukiweka jiwe la nne, moja litakuwa haligusi. Wewe una fremu isiyonyooka sana na ringi isiyonyooka sana, unakaza ya nne kwa spana, na spana inailazimisha ringi ifuate fremu. Funga kwa sehemu tatu, kila moja karibu na mguu wa mkono, na uweke washa ya mpira.

Usinisadiki kwa maneno. Isimamishe ringi yako tupu, bila mikono, juu ya mizani ya jikoni kama gurudumu. Ibonyeze kwa juu kwa kidole mpaka mizani iongeze gramu 100. Pima kipenyo kimepungua kiasi gani. Hesabu ni hii: 0.149 × P × R³ ÷ (E × I). P ni nguvu ya kidole (gramu 100 ni karibu nyutoni 1), R ni nusu-kipenyo cha ringi (milimita 150), E ni ugumu wa faiba yenyewe, na I ni ugumu unaotokana na umbo la ukuta. Kwa faiba iliyolazwa kwa mkono nachukua E ya nyutoni 15,000 kwa milimita ya mraba. I yako, kimo 40 na unene 1.5, ni kama 11. Inakuja milimita 3. Kwa gramu 100! Nawe nafasi yako ni milimita 1.

Kuongeza matabaka mawili hakutakuokoa. Fanya hivi: ile milimita 1.5 igawe mbili, 0.75 ndani na 0.75 nje, na katikati weka foamu ngumu ya milimita 6. I inapanda kutoka 11 hadi kama 690, zaidi ya mara 60. Foamu yenyewe, ya kilo 60 kwa mita ya ujazo, itakuongezea gramu 14 tu. Faiba ni ileile, imesogezwa tu mbali na mwenzake.

Mdomo nao usiuache wazi kama ukingo wa sufuria. Ufunge kwa nyuma uwe bomba. Chukua karatasi ya daftari, iviringishe, igundishe. Isokote kwa mikono miwili: ngumu. Sasa ichane ubavuni kwa wembe kutoka juu hadi chini, usokote tena. Utaelewa kwa vidole vyako kuliko ninavyoweza kuandika.

JahaziLaKilifi:

Mimi ni fundi wa boti za faiba, si wa ndege, lakini kwa hiyo foamu nina neno. Usichukue ile nyeupe ya kwenye maboksi ya televisheni. Epoksi haiiyeyushi, ila siku utakapoishiwa epoksi ukachukua rezini ya polista, itaila yote mbele ya macho yako. Tafuta foamu ya PVC, ile ya boti.

Pale bolti zinapopita, toa foamu na uweke kipande cha plaiwudi kilicholoweshwa epoksi, la sivyo utakaza nati na bolti itazama kama kwenye mkate.

Na nta. Nilipokuwa kijana nilibandika viti vya injini kwenye boti bila kuisugua nta ya kalibu ikatoka. Ilishika vizuri, mwenye boti akalipa, na siku ya tatu injini ikang'oka na viti vyake, faiba safi kama sahani. Hakuna aliyeumia, lakini tangu hapo sibandiki kitu bila hii: sugua kwa msasa mpaka ung'aavu uishe, pangusa na asetoni, kisha mwagia maji. Maji yakitandaa, bandika. Yakijikusanya matone kama juu ya jani la magimbi, rudia. Fanya hivyo kwa kila mguu wa mkono wako.

Hesabu_Kwanza:

Mzee BabaFaiba, shikamoo, nimejifunza. Naongeza mambo mawili.

Furu, mapanga manne na mikono minne usirudie tena. Kila robo ya mzunguko mapanga yote manne yanapita juu ya mikono yote minne kwa wakati mmoja, mipigo inajumlika na kwenda moja kwa moja kwenye kitovu. Kwa mizunguko 6,000 hiyo ni mara 400 kwa sekunde. Mikono mitatu na mapanga manne hayakutani hivyo, mipigo inapishana. Hiyo ni sababu ya pili ya kufuata ushauri wa mzee.

La pili ni kwa nini uzito wa fremu hii umewasumbua watu miaka mingi. Feni ya kuinua inafanya kazi dakika chache za kupaa na kutua, safari iliyobaki inabebwa kama mzigo. Marekani walirusha ndege ya Ryan XV-5A mwaka 1964, ikiwa na feni ndani ya kila bawa, kipenyo karibu mita 1.6, na moja ndogo puani. Gesi ya injini zake mbili za jeti, aina ya J85, ilipelekwa kwenye turbini iliyozunguka ncha za mapanga, na feni zikatoa karibu mara tatu ya msukumo wa injini zenyewe. Hebu fikiria fremu ile: ikae ndani ya unene wa bawa, ukingoni ina gesi ya moto, ndani kuna hewa baridi, na mapanga yanapita karibu na ukuta. Kwenye F-35B, ndege ya kivita ya Marekani inayotua wima, wameepuka ule moto kwa kuizungusha feni na shafti kutoka kwenye injini. Feni ile ina kipenyo cha mita 1.27, safu mbili za mapanga zinazozunguka kinyume, na inabeba karibu nusu ya uzito ndege inaposimama angani.

XV-5A zilikuwa mbili na zote zilianguka. Ya pili, mwaka 1966, ilianguka baada ya feni ya bawa kumeza mkanda wa winchi ya uokoaji, na rubani akafariki. Nalitaja kwa sababu chombo chako kitabeba kamba ya chupa ya sampuli. Weka wavu juu ya mdomo, na kamba iwe fupi kiasi kwamba hata upepo ukiipeperusha yote juu haiwezi kuufikia mdomo.

FuruWaZiwa (siku 16 baadaye):

Shikamoo mzee BabaFaiba, habari zenu wakuu. Nimerudi na majibu.

Ringi ya zamani kwanza: niliibonyeza juu ya mizani ya jikoni. Gramu 100, kipenyo kikapungua milimita 2.8. Nilikaa chini nikaitazama muda mrefu.

Ringi mpya ina foamu ya milimita 6, mdomo wa milimita 18 uliofungwa kwa nyuma, mikono mitatu, bolti tatu zenye washa za mpira. Foamu niliipata kwa fundi wa boti, mabaki ya kazi yake. Jaribio la karatasi nimewafanyia wadogo zangu wote, wamemaliza daftari. Jumla, ringi na mikono na mdomo, ni nzito kwa gramu 21 kuliko ile ya mwanzo kabla sijaikata. Nilisikitika, mpaka nilipoiweka kwenye stendi ya mita moja, ikipuliza juu: kilo 3.25 kwa mizunguko 6,000. Gramu 21 zimenirudishia gramu 150 juu ya ile 3.1, ingawa najua sehemu ya hizo ni kwa sababu sasa nimepima vizuri.

Kabla ya kuwasha niliigeuza, nikaning'iniza kiroba cha mchanga cha kilo 5 kwenye kitovu, yaani mara moja na nusu ya mzigo wake. Fundi wa kukereza vyuma wa jirani aliniazima geji yake ya mshale. Kitovu kilishuka milimita 0.6, nikatoa kiroba, mshale ukarudi sifuri. Rangi ya kucha iko nzima baada ya dakika 20 za kuzungusha.

Limebaki moja. Ninapopandisha mwendo, ikifika karibu mizunguko 2,300 kwa dakika ringi inavuma, mkononi unausikia mtetemo hadi kwenye stendi. Ikipita 2,600 inanyamaza kabisa. Hii ni hatari?

BabaFaiba:

Marahaba mwanangu. Itoe kwenye stendi, itundike kwa uzi wa kushonea, igonge ubavuni kwa mpini wa bisibisi, simu ikirekodi na programu ya kuonyesha masafa ya sauti. Nipe namba.

FuruWaZiwa:

Mzee, nimegonga mara kumi. Inalia 152 kwa sekunde.

BabaFaiba:

Gawa kwa mapanga manne, 38. Mara 60, unapata 2,280. Ndiyo uvumi wako huo: mapanga yanaigonga ringi kwa mdundo wake yenyewe. Kwa kuwa kazi yako iko 6,000, hapo ni pa kupita tu. Mwambie anayeandika programu ya mota asiiruhusu ikae kati ya 2,000 na 2,600, ipande moja kwa moja na ishuke moja kwa moja. Ukikaa hapo kila siku, kitakachokufa kwanza ni gundi ya miguu ya mikono.

Hiyo gundi uikague kwa sarafu. Sisi tulikuwa tunazunguka kava nzima ya injini tukigonga kwa sarafu, sentimita kwa sentimita. Palipo pazima panalia tii, panajibu mkali. Palipoachana panalia tap, kama ubao wenye mchwa. Gonga kila mguu leo ukiwa mzima ili sikio lijue sauti yake, kisha gonga kila baada ya safari kumi. Sauti ikibadilika, usirushe.

FuruWaZiwa:

Nimeelewa mzee. Nimegonga yote mitatu sasa hivi kwa sarafu ya shilingi 200, yote inajibu mkali. Wavu nimeshaukata, kamba ya chupa nimeifupisha iwe sentimita 35. Kesho alfajiri, kabla upepo wa ziwa haujaamka, tunaipeleka ufukweni ikiwa imefungwa kwa kamba nne, haitapanda zaidi ya goti. Nitaweka vipimo hapa jioni.